Fundi wa Bastola na Daftari Lisilosema Kilichokatwa

Nchini Marekani, fundi wa silaha akiilaza bastola ya mteja dukani hata kwa usiku mmoja, sheria inamtaka aiandike kwenye daftari: nani aliyeitengeneza, ni ya modeli gani, ina namba gani, inatumia risasi ya kipenyo gani, imeletwa na nani, imeingia lini na imetoka lini. Wakaguzi wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, wana haki ya kulifungua daftari hilo na kulipekua safu kwa safu. Lakini hakuna safu inayoeleza bastola ilifanywa nini. Inaweza kuingia dukani ikiwa nzima na kutoka imepunguzwa chuma mahali ambapo chuma hicho kilikuwa kikilinda vidole na macho ya mwenyewe, na daftari likabaki safi bila doa. Leseni nayo haisaidii. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 21, asiwe na hatia za kumzuia, awe na mahali pa kufanyia biashara, na alipe dola 200 kwa miaka 3 ya kwanza. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kushika tupa. Hoja ya makala haya ni kwamba shida ya kazi mbovu kwenye bastola haianzii kwa fundi mbaya, maana mafundi wabaya wamo katika kila kazi ya mikono. Inaanzia kwenye kazi isiyoandikwa. Pasipo maandishi, kazi nzuri na kazi mbovu zikiwekwa kaunta moja zinafanana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bastola ya M1911, aliyoibuni John Browning na ambayo jeshi la Marekani liliipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911. Katika majaribio ya mwezi huo ilipigwa risasi 6,000 bila kukwama. Siri yake ilikuwa nafasi: vipande vyake viliachiwa mwanya wa kutosha ili vumbi, matope na mafuta yaliyoganda visiizuie kufanya kazi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, bastola hiyo hiyo ilitengenezwa na Colt, na Ithaca, na Remington Rand waliokuwa wakiunda taipureta, na Union Switch & Signal waliokuwa wakiunda vifaa vya ishara za reli. Kampuni ya cherehani ya Singer nayo iliunda 500. Ilikuwa lazima kipande kilichotoka kwa muunda taipureta kiingie bila kulazimishwa katika bastola iliyotoka kwa muunda ishara za reli, na kiliingia. Askari hakuhitaji fundi maalumu. Alihitaji sanduku la vipuri.

Urekebishaji wa bastola unakwenda kinyume kabisa na fikra hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mpiga shabaha anayetaka risasi zote zitue katika duara dogo hataki mwanya. Anataka mtutu ukae mahali pamoja kila slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inaporudi, na kifyatulio kiachie bila kukwaruza. Mafundi wa timu za jeshi waliokuwa wakiandaa bastola za mashindano ya Camp Perry, Ohio, walijifunza kubana slaidi juu ya fremu, kiunzi cha chini, na kufunga mitutu kwa vipande vilivyoachwa vinene makusudi, kisha vikapunguzwa kwa tupa mpaka vikakaa. Mwaka 1976, watu waliokutana Columbia, Missouri, wakiongozwa na Jeff Cooper, waliunda shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, na mashindano hayo mapya ya mbio na risasi yakazaa soko kubwa la bastola zilizochongwa upya. Mwaka uliofuata, Bill Wilson alianza kazi hiyo Berryville, Arkansas, akiwa ametokea kwenye ufundi wa saa. Asili hiyo inaeleza mengi. Bastola iliyotoka katika mikono ya namna hii imeacha kuwa ya kiwanda. Ni chombo kimoja cha peke yake, vipande vyake vimezoeshwa kimoja kwa kingine, na anayejua vilivyozoeshwa ni mtu mmoja tu. Akifa, akihama au akisahau, ujuzi huo unaondoka naye.

Tazama kifyatulio, kwa sababu ndicho wateja wengi huanza nacho na ndicho mafundi wengi hukosea. Nyundo ikisharudishwa nyuma huzuiwa na kipande kidogo cha chuma, tukiite kishikizi, ambacho ncha yake imekaa chini ya meno ya nyundo. Kifyatulio kikivutwa, kishikizi hupinduka, meno huachiwa, nyundo hupiga. Jeshi lilitaka mvuto wa ratili 5 hadi 6.5, yaani kama kilo 2.3 hadi 2.9. Mteja wa leo anataka 4, au 3.5, ambayo katika mashindano ya jadi ya shabaha nchini humo ndiyo kiwango cha chini kabisa kwa bastola ya risasi ya .45 kama hii. Fundi ana njia mbili za kumfikisha huko. Ya kwanza ni kulainisha nyuso zinazogusana kwa jiwe laini, kipande kikiwa kimebanwa kwenye kishikilio kinachotunza pembe, bila kutoboa ngozi ngumu ya chuma kilichokazwa kwa moto, kisha kupima springi. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Ya pili ni kuyafupisha meno na kuikunja springi kwa koleo mpaka mvuto ushuke. Hiyo ni kazi ya dakika 15. Meno yaliyorekebishwa vizuri huwa na kimo cha takriban nusu milimita. Ukiyapunguza zaidi ya hapo, usalama wa mtu unaning'inia kwenye unene wa kucha.

Siku ya kuichukua bastola dukani, njia hizo mbili humpa mteja raha ile ile kidoleni. Tofauti hujitokeza baada ya risasi mia kadhaa au elfu kadhaa, pale chuma laini kilichofichuliwa kwa kuyafupisha meno kinapoliwa na ncha ya kishikizi mpaka kikawa mviringo. Nyundo huanza kuifuata slaidi ikirudi mbele badala ya kubaki nyuma. Ikiwa bahati ipo, hushikwa na kata ya nusu njia. Ikiwa haipo, bastola hupiga yenyewe, wakati mwingine zaidi ya mara moja, huku mtutu ukipanda kuelekea juu. Kuna kipimo ambacho mwenye bastola ya aina hii anaweza kukifanya mwenyewe baada ya kuhakikisha, mara mbili, kwamba chemba na magazini ni tupu na risasi ziko chumba kingine: rudisha nyundo, weka swichi ya usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha ondoa swichi taratibu. Nyundo isisogee, wala isitoe hata mlio mdogo. Ikitoa mlio, kishikizi kilisogea kilipotakiwa kutulia, na bastola hiyo isitiwe risasi tena kabla ya kurekebishwa. Inanisikitisha kwamba kipimo chepesi hivi hakiandikwi kwenye stakabadhi ya kila duka linalogusa kifyatulio.

Kosa la kifyatulio angalau linarekebishika kwa kununua nyundo na kishikizi kipya. Kosa la mteremko wa risasi ni zito zaidi. Risasi ikitoka kwenye magazini hupanda mteremko uliochongwa kwenye fremu, huruka mwanya mdogo wa kama milimita 0.8, kisha huingia mdomo wa mtutu. Bastola ikikwama na risasi zenye ncha bapa, fundi asiye na subira huupanua mdomo huo na kuulaza mteremko mpaka kila kitu kiteleze. Anachokisahau ni kwamba chuma alichokiondoa ndicho kilichokuwa kimelikumbatia ganda kwa chini. Ganda la risasi ni shaba nyembamba, na halina nguvu ya kuzuia mgandamizo wa baruti peke yake. Wapiga shabaha wa miaka ya 1980 walijifunza hili kwa uchungu. Walipokimbilia risasi ya .38 Super, ambayo mgandamizo wake wa kawaida ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa .45, na bado wakaijaza baruti kupita kipimo, maganda ya shaba yalipasuka pale yasipokuwa na mhimili na moto ukawarudia usoni. Jibu lililopatikana lilikuwa mtutu wenye mteremko wake wenyewe, unaolifunika ganda karibu lote. Lilikuwa jibu zuri, lakini kuuweka mtutu huo kunadai kuikata fremu, na fremu iliyokatwa vibaya haina kipuri. Kwenye M1911, fremu ndiyo inayobeba namba, na mbele ya sheria fremu ndiyo silaha yenyewe. Kuibadilisha ni kununua silaha nyingine.

Bastola za plastiki hazijaondoa tatizo, zimelihamisha tu. Aliyenunua Glock anapeleka slaidi ikachongwe kitako cha kilengeo cha nukta nyekundu, na mashine ikishuka kina zaidi ya ilivyopaswa, au skrubu zikiwa ndefu kidogo, zinabana springi ya kikulabu kinachotoa ganda. Bastola inaanza kukwama na mwenyewe anazilaumu risasi.

Yupo atakayesema kwamba dawa ya haya yote ni kuiacha bastola ilivyotoka kiwandani. Hoja hiyo ina uzito kwa watu wengi, na aliye na bastola inayomfaa hana sababu ya kuipeleka popote. Lakini jeshi lenyewe halikuifuata. Miaka ya 1920 lilikwisha kuibadilisha M1911: mkia wa kizuizi cha mpini ulirefushwa kwa sababu nyundo ilikuwa ikiwauma askari kati ya kidole gumba na cha shahada, kifyatulio kilifupishwa kwa ajili ya mikono midogo, kilengeo cha mbele kikapanuliwa kwa sababu cha awali kilikuwa chembamba mno kuonekana. Toleo hilo likaitwa M1911A1. Mtu mwenye kiganja kidogo au macho yaliyochoka ana haki ile ile ya kukifanya chombo kimfae, na silaha isiyomfaa anayeishika nayo ni hatari. Tofauti ni kwamba jeshi lilipobadilisha lilichora, likapima, likaandika, na mtu aliyekipokea kipande hicho miaka 20 baadaye alijua ni kipi.

Wengine husema soko litawachuja wenyewe, fundi mbovu ajulikane na kukimbiwa. Hili lingekuwa kweli kama ubovu ungeonekana haraka, kama unavyoonekana kwa fundi nguo aliyekosea mshono. Katika bastola ubovu hukaa kimya. Mwenye bastola wa kawaida hupiga risasi chache kwa mwaka, na anaweza kuiuza kabla chuma hakijaliwa, akiisifu kwa moyo mweupe kwamba ina kifyatulio laini kuliko zote. Anayeinunua hajui nani aliigusa. Hata jina la fundi mashuhuri halimlindi, maana bastola iliyoanzia mikono hodari huenda ilikwisha kupitia mezani kwa mtu mwingine aliyetaka kuipunguzia ratili moja zaidi. Na mafundi wenye sifa wana foleni ndefu, kazi kamili kwao hupita dola 3,000 kwa urahisi, kwa hiyo mwenye kipato cha kawaida huenda kwa yule aliye karibu na asiye na foleni. Soko halimchuji huyo, linamlisha.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba hata viwanda hukosea. Ni kweli. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari ya bastola yake ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikidondoka kwa pembe fulani ingeweza kupiga bila kifyatulio kuguswa. Tena Marekani haina chombo cha serikali kinachoweza kuamuru silaha mbovu irudishwe: sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972, inayogusa birika la umeme na kitanda cha mtoto, iliziweka bunduki na bastola nje. Lakini mfano huo unaipa nguvu hoja yangu. Kampuni ilijua ni modeli ipi, namba zipi, kipande kipi kizito kiwekewe chepesi, kwa sababu michoro ilikuwepo. Kosa la kiwanda hurudi kwa kufuata maandishi. Fundi aliyekosea bastola 40 kwa muda wa miaka 6, tena kila moja kwa namna yake, hana orodha ya kuwaita wateja hata kama dhamiri inamsumbua.

Ulaya walilitazama jambo hili mapema, ingawa kwa upande mmoja. Wafua bunduki wa London walipewa hati ya kifalme mwaka 1637, Birmingham ikapata nyumba yake ya kujaribia mitutu mwaka 1813, na nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa majaribio ya silaha huzipiga bastola mpya kwa risasi yenye mgandamizo wa asilimia 30 zaidi ya kiwango cha juu, kisha huzigonga muhuri. Uingereza, silaha ikikatwa kiasi cha kudhoofishwa, muhuri wake haufai tena mpaka ijaribiwe upya. Ujerumani, kazi ya ufundi bunduki imo kwenye orodha ya ufundi unaodai cheti cha umahiri kabla ya kufungua karakana. Marekani ina shule nzuri, ile ya Trinidad, Colorado, ikiwa miongoni mwa zinazoheshimika, lakini kusoma huko ni hiari. Hata hivyo sitaki msomaji adhani muhuri ungemaliza kila kitu. Jaribio la mgandamizo linapima mtutu na chemba. Halipimi meno ya nyundo, na mengi yanayokwenda mrama kwenye meza ya fundi yako kwenye meno hayo.

Kinachoweza kupima yote ni ukurasa mmoja wa karatasi. Uandikwe kipande kipi kilitolewa na kipi kiliwekwa, cha nani na cha chuma gani, chuma kiliondolewa wapi na kiasi gani, mvuto wa kifyatulio ulikuwa ratili ngapi bastola ilipofika na ngapi ilipoondoka, vipimo vya usalama vilifanywa siku gani, risasi ngapi zilipigwa na za aina ipi. Kisha sahihi. Vipande vya zamani virudi kwa mwenyewe ndani ya mfuko, maana ndivyo ushahidi wa hali ya kwanza na ndivyo njia ya kurudi. Mafundi wadogo watalalamika kwamba maandishi yatawapandishia gharama na kuwaachia soko wakubwa. Nimelifikiria sana lalamiko hilo, na sidhani lina miguu. Mafundi saa wa zamani, ambao wengi hawakuwa na hata karani, walikuwa wakikwaruza alama ndogo na tarehe ndani ya kifuniko cha saa kila walipoifungua, na fundi wa miaka 50 baadaye akifungua anasoma nani alipita. Haikuwagharimu kitu. Anayepoteza kwa ukurasa huo ni yule wa koleo na dakika 15, kwa sababu atalazimika ama kuandika alichofanya ama kuandika uongo juu ya sahihi yake.

Kwa ambaye bastola yake imeshaharibiwa, la kwanza ni kuacha kuitia risasi, hata ya majaribio. Asiguse kitu kwa tupa yake, kwa sababu akikigusa amemfutia fundi kosa. Apige picha vipande vikiwa vimetolewa, aandike kasoro kwa maneno ya kawaida, nyundo ilifuata slaidi mara ngapi, ganda lilivimba upande gani, na ayahifadhi maganda yenyewe. Ampe fundi wa kwanza nafasi ya kujibu kwa maandishi, lakini marekebisho ayapeleke kwa mwingine kama kosa la kwanza lilitokana na kutojua, maana asiyejua hatajua zaidi mara ya pili. Meno ya nyundo, kishikizi, springi na kikulabu hubadilishwa. Mtutu hubadilishwa kwa gharama. Mteremko uliokatwa kwenye fremu wapo wanaoweza kuujaza kwa kuchomelea na kuuchonga upya, lakini joto la kuchomelea linaweza kupinda fremu, na mwenye busara huuliza mara tatu kabla ya kukubali. Ndiyo sababu kazi kwenye bastola ingefaa ianzie kwenye vinavyorudishika, vilengeo, vibao vya mpini na springi, na ifike kwenye fremu na slaidi mwisho kabisa, kwa mkono uliothibitika.

Ewe mwenye bastola unayefikiria kuipeleka ikachongwe, mwombe fundi akuonyeshe ukurasa huo ukiwa bado mtupu, na mkubaliane kwamba utaupokea umejazwa na kutiwa sahihi siku ya kuchukua. Akikataa, usiiache bastola dukani kwake. Rudi nayo nyumbani.